Mtu Aliyeisimamisha Ujiji

Siku niliyofungua saluni yangu ya kunyoa pale Ujiji, mteja wa kwanza aliketi, nikampitisha mashine upande mmoja wa kichwa, nikawa najiandaa kuhamia upande wa pili. Filimbi ikalia nje. Mteja akachomoka kitini na kitambaa changu shingoni, akaenda kusimama wima mlangoni, nusu ana nywele na nusu hana. Mimi nimebaki na mashine inanguruma mkononi, sijui kama nimtafute mwizi au nikimbie moto. Ng'ambo ya barabara, mbele ya kituo kidogo cha polisi, askari mmoja mwenye tumbo kubwa na miguu myembamba alikuwa anashusha bendera taratibu. Alipomaliza kuikunja akapuliza tena, watu wakaendelea na mambo yao. Kisha akavuka barabara mpaka kwangu.

"Kijana," akaniambia, "ukisikia filimbi, unazima na mashine. Hiyo nayo inakula umeme wa Tanzania."

Huyo ndiye Afande. Jina lake lilikuwa kifuani kwa herufi nyeupe, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, hata wezi. Alikozaliwa sikuwahi kumuuliza. Huku Kigoma swali la "kwenu hasa ni wapi" watu wameshalijibu mara nyingi mno mbele ya meza za wakubwa wa uhamiaji, na kinyozi mwenye akili halirudii kwa mteja aliyefumba macho chini ya wembe. Ninachojua ni kwamba Kiha alikisema kama aliyelelewa nacho, Kirundi alikielewa, Kiswahili alikisema kwa madaha, na kila Ijumaa kabla ya swala alikuwa kwenye kiti changu.

Kwa asiyeijua desturi yenyewe, ni hivi. Saa kumi na mbili asubuhi bendera inapanda, saa kumi na mbili jioni inashuka. Filimbi ya kwanza ikilia, kila aliye karibu anasimama alipo, awe kwa miguu au kwa baiskeli, mpaka ya pili. Ni nchi nzima, ila siku hizi kuna miji watu wanapita tu na nyaya masikioni, na askari mwenyewe anapuliza kwa aibu kama anayeomba samahani. Afande hakujua kupuliza hivyo. Filimbi yake iliwahi kusimamisha maziko njiani, na imamu mwenyewe akasema marehemu hana haraka.

Alikuwa na ugomvi wa kudumu na saa ya taifa. Sisi tuko mwisho wa nchi upande wa magharibi, jua linatufikia likiwa limeshawaamsha wengine wote. Kwa hiyo bendera yetu inapanda gizagiza na inashuka jua bado linachoma. "Hii bendera inalala kabla ya kuku," alikuwa akilalamika. "Lakini tukisema kila mkoa ufuate jua lake, hiyo haitakuwa nchi tena, itakuwa ratiba ya mabasi." Analalamika hivyo, na dakika ile ile anatazama saa yake, anaweka filimbi mdomoni.

Vituko vya filimbi ile nikivisimulia vyote nitafunga duka. Nitasema cha mwizi wa kuku. Kijana alikwapua kuku sokoni akatoka mbio, nyuma yake kundi linapiga kelele. Walipofika mbele ya kituo, filimbi ikalia, na wote wakaganda. Mwizi kaganda na kuku kwapani, wafukuzaji wameganda hatua chache nyuma yake, wanatazamana kwa kuhema. Ni mazoea ya shule ya msingi hayo, mguu unasimama kabla akili haijafikiri. Kuku peke yake ndiye aliyeendelea kupiga kelele. Afande akashusha bendera bila kuongeza mwendo hata kidogo, akaikunja, akaibana kifuani, akapuliza, na mbio zikaanza upya pale pale zilipokatikia. Walimkamata karibu na msikiti. Nilimuuliza Afande kwa nini hakumshika alipokuwa amesimama mbele yake kama mlingoti wa pili.

"Nilikuwa na kazi ya taifa mkononi," akasema. "Halafu yule ni mwizi mwenye adabu. Nimemwambia hivyo wakati namfungia."

Wageni aliwatendea kwa upole zaidi. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge, katokea Uvira, Kongo, kwa boti, alipita na mzigo wake kichwani wakati bendera inapanda, anajiimbia. Watu wakamfokea. Maskini akatetemeka akidhani ameingilia mambo ya jeshi. "Pole sana, chef," akasema, "mi sikuyua." Afande akamleta kwenye benchi langu, akamwagizia chai, akaomba avitumie vitenge vyake kidogo. Akavitandaza magotini.

Akamwambia hii hapa ni Tanganyika ya mwaka sitini na moja: shamba la kijani, mstari mweusi umelala katikati, njano imepakana nao huku na huku. Akavuta kitenge kingine. Na hii ni Zanzibar ya mapinduzi: bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini. "Sitini na nne wakaoana. Sasa wewe mwenye wake, niambie, nyumba mbili zimeleta shuka mbili na kitanda ni kimoja. Unatandikaje?"

Mkongomani akacheka, akasema angenunua kitanda cha pili.

"Wao hawakununua. Kijani kilikuwa kwa wote wawili, weusi ulikuwa kwa wote wawili. Tanganyika kaja na njano yake, Zanzibar kaja na bluu yake. Lakini mstari ukiulaza, mmoja atakuwa juu na mwingine chini, na kabla fungate halijaisha mtu atauliza kwa nini chini ni yeye. Ndiyo wakauinamisha. Mstari umetoka pembe ya chini umekwenda pembe ya juu, kila nyumba ina kona yake." Kama ndivyo walivyofikiri waliochora, mimi sijui. Afande alilisema kama aliyekuwa chumbani.

Mgeni akatafakari, kisha akasema bendera ya kwao nayo ina mstari ulioinama hivyo hivyo, njano pembeni, ila wenyewe ni mwekundu. Afande akafurahi mno. Akampigia saluti palepale, na tangu siku ile mtu yule akifika Ujiji huja kwanza kumsalimu Afande, halafu ndipo anatafuta wateja.

Rangi alizifundisha kwa yeyote aliyekaa karibu. Kijani ni ardhi na mimea, weusi ni watu, bluu ni maji, njano ni madini. Hapo kwenye njano alikuwa na maoni yake. "Dhahabu iko Geita, almasi iko Shinyanga. Sisi watu wa Kigoma njano yetu ni mawese." Mwalimu mmoja niliyekuwa namnyoa akapinga kwamba mawese ni mekundu. Afande akamwambia ayachemshe zaidi. Ubishi ule ulikwenda mpaka magharibi, na mwalimu aliondoka na ndevu upande mmoja kwa hasira.

Lakini kitu alichonifundisha ambacho sijakisoma popote ni cha upepo. Alfajiri upepo wetu unatoka milimani kwenda ziwani, kwa hiyo bendera ikipanda, kijani kiko upande wa mashamba na bluu imeelekea majini. Kila kitu kiko mahali pake. Mchana upepo unageuka, unatoka ziwani, na bluu yote inaingia mjini. Miaka hii ziwa lilipopanda likameza nyumba za ufukweni, watu walimkumbusha maneno yake wakidhani atatamba. Hakutamba. Alisema alikuwa anazungumzia kitambaa tu, akaenda kuwasaidia watu kubeba magodoro.

Alibeba magodoro kutokea nchi kavu, hilo lazima niliseme. Afande aliogopa maji. Mtu mzima, askari, kaishi maisha yake yote ya kazi kando ya ziwa refu kuliko mikoa ya watu, na hakuwahi kuingia zaidi ya vifundo vya miguu. Alisema kipande chake cha bluu kinamtosha kukitazama. Na yule aliyekuwa hakosei sekunde ya bendera, kwa mambo mengine yote alikuwa mchelewaji wa kupigiwa mfano. Harusi ya binti yake alifika wakati wa kugawana masufuria. Daktari alimkataza sukari na mafuta, akatutangazia sote kwamba ameacha, na kila jioni baada ya bendera alipita mlango wangu wa nyuma kula vitumbua. Akila alfajiri kabla ya bendera, alinawa kwanza kwenye beseni langu, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Bendera hakuigusa kwa mkono wenye mafuta hata siku moja.

Vitumbua vyenyewe vilikuwa vya Mama Vitumbua, na hapa ndipo penye kiini cha habari yangu.

Mama Vitumbua alikaa kwenye kigoda ubavuni mwa saluni yangu, jiko mbele yake, uso umeelekea kituo cha polisi moja kwa moja. Filimbi ikilia, barabara nzima inasimama, yeye anageuza vitumbua. Hakuinuka. Hakujificha wala hakufanya kiburi cha kuonekana, alikuwa anafanya kazi yake tu, na katika ule ukimya ulisikia mafuta yake yakichemka mpaka ng'ambo.

Mwanzoni Afande alikwenda kwa ukali. "Mama, filimbi hukuisikia?"

"Nimeisikia, Afande. Na vitumbua vimeisikia. Ila havikusimama."

Akaenda kwa upole, akaenda kwa sheria, akaenda kwa utani. Akamweleza zile rangi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Weusi ni watu, si ndiyo?" Afande akaitikia. "Basi ule weusi ni mimi. Sasa nani amsimamie mwenzake?" Afande alirudi kituoni anakuna shingo. Ijumaa ile kwenye kiti changu alirudia swali lile mara nyingi, na kila mara alicheka kidogo kidogo huku wembe uko kooni, nikamwomba aache.

Mambo yakaharibika alipokuja mkubwa wake kukagua kituo. Jioni ikafika, filimbi ikalia, mkubwa kasimama na mkono kwenye kofia, na macho yake yakaangukia kigoda kile.

"Yule mwanamke vipi?"

"Anaumwa miguu, mkuu," akasema Afande. Ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema akiwa ndani ya sare.

"Miguu yangu mizima!" Mama akaitikia kutoka ng'ambo. "Nani kakwambia naumwa?"

Mkubwa akaacha amri: akikutwa amekaa tena, jiko liondolewe pale, atafute mahali pengine. Mama Vitumbua alikuwa analea wajukuu kwa jiko lile, na mahali pale ndipo wateja walipomjua. Mimi niliogopa kwa ajili yake. Nilimwambia, "Mama, simama tu, ni dakika moja." Akanitazama kama ninayemwomba meno.

Afande akaja jioni ile amevua kofia. Alichutama mbele ya jiko. Ukuta wangu ni wa mbao, nikasikia yote.

"Mama, nakuomba. Sitaki kukuondoa. Niambie tu kuna nini."

Mama akageuza vitumbua vyote vya jikoni, kisha akasema. "Nilikuwa mdogo, shuleni kwetu, upande wa kule Ilagala. Niliomba maji kwa Kiha. Nilisahau tu, Afande, kiu ilinishika, na nyumbani tulisema Kiha. Mwalimu akanisimamisha chini ya mlingoti wa bendera. Nimesimama mpaka jua likanizungusha, nikaanguka. Wenzangu wakacheka. Siku ile nilisema, miguu hii haitasimama tena mbele ya kile kitambaa mpaka ipende yenyewe. Bado haijapenda."

Nilisikia magoti ya Afande yakilia alipoinuka. Kesho yake asubuhi, gizani bado, kabla ya kugusa kamba, aligeuka akamsalimu kutoka ng'ambo kwa sauti ya gwaride: "Mama, mwakeye!" Kwa Kiha, chini ya mlingoti, mkubwa asikie au asisikie. Akafanya hivyo kila alfajiri mpaka alipostaafu. Mama alimwitikia kwa Kiha vilevile, akakaa vilevile.

Kuhusu amri ya mkubwa, Afande alikuja kwangu na shauri. Nina bango kubwa la mbao, limechorwa vichwa vya vijana na mitindo yao. Akaniomba nilisogeze kidogo kuelekea barabarani. Nikalisogeza. Kuanzia hapo aliyesimama kituoni aliona vichwa vya vijana na moshi unaotoka juu yao, basi. "Nisichokiona sina la kukiandikia," akasema Afande, akaomba nimpunguze na masharubu.

Ila lilimkaa moyoni. Siku moja kwenye kiti, macho amefumba, akaniambia, "Kinyozi, natamani yule mama asimame. Mara moja tu. Simtaki asimame kwa kuniogopa, hiyo tayari walimfanyia. Apende. Nikiondoka hajasimama, nitakuwa nimepandisha bendera miaka yote hii na watu wamepungua mmoja." Nikataka kumtania, nikashindwa. Nilimpenda sana mtu yule siku ile.

Siku yake ya mwisho kazini barabara ilijaa. Wachuuzi wa dagaa waliacha biashara, bodaboda walizima injini kabla hata ya filimbi. Hata mwizi wa kuku alikuja, ana mke sasa. Afande akapuliza, akashusha, akakunja, akampa askari kijana bendera ile kwa mikono miwili. Kisha akatazama bango langu. Moshi ulikuwa unapanda kama siku zote. Akapiga saluti kuelekea kwenye vichwa vyangu vya mbao, akaondoka kwenda kuishi kwa binti yake, huko Bangwe. Nilimkasirikia Mama Vitumbua wiki nzima, nikala mihogo ya kwingine badala ya vitumbua vyake. Yeye hakuniuliza sababu.

Miaka ikapita. Upepo uliangusha bango, nikachora jingine dogo la ukutani. Bangwe si mbali, lakini Afande kiharusi kilimpitia mguu wa kushoto, na binti yake alimlinda kama yai, hasa dhidi ya sukari.

Mwaka jana, jioni moja, bajaji ikasimama mlangoni. Akashuka mtu mwembamba na fimbo. Nililijua tumbo kwa kutokuwepo kwake.

"Shikamoo, Afande!"

"Marahaba. Nimetoroka. Ninyoe haraka, kisha nipeleke pale nje, na binti yangu asijue."

Nikamnyoa, nikamkalisha kwenye benchi la Mama Vitumbua. Wakasalimiana kwa Kiha, wakaanza kucheka kabla sijarudi ndani. Sikuelewa yote, walikisema haraka, ila nilisikia neno "daktari" na Mama akipiga paja lake. Alikuwa amezeeka naye, lakini mkono wa kugeuza ulikuwa ule ule.

Filimbi ikalia. Askari wa siku hizi anapuliza kifupi. Barabara ikasimama, wengi wao, na mimi nikatoka mlangoni. Afande akaanza kuinuka. Akakita fimbo, akajisukuma, mguu ukakataa. Akajisukuma tena, fimbo ikateleza kwenye mafuta yaliyomwagika chini, nikaona anaanguka. Nilikuwa mbali kwa hatua kadhaa.

Mama Vitumbua aliinuka kwenye kigoda chake haraka kuliko ninavyoweza kueleza. Akamdaka kwapani, akamnyanyua, akamsimamisha, na kwa kuwa hakuweza kumwachia akabaki naye pale, ubavu kwa ubavu, kijiti cha kugeuzia vitumbua kikiwa mkono wa pili. Afande akainua kidevu. Kamba ikamkwama yule askari, akaivuta, ikagoma, akaivuta tena. Jikoni moshi ukaanza kubadilika rangi. Niliona Mama analitazama jiko. Kisha akaacha kulitazama, akainua macho kwenye bendera, akayaacha huko.

Filimbi ya pili.

"Umesimama," akasema Afande.

"Nimekushika wewe."

"Umesimama, mama."

"Ungeanguka ungenivunjia benchi."

"Nimekuona ukiitazama."

Mama akamkalisha polepole, akamwekea fimbo magotini, akarudi kwenye kigoda. Afande alikuwa analia na kucheka pamoja, na mimi pia, sioni sababu ya kuficha. Vitumbua vyote vilikuwa vimeungua. Mama akavichokoa kimoja kimoja, akavipanga kwenye sahani, akampa.

"Kula. Umeviunguza wewe."

Afande akaomba maji, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavila vyote, vyeusi vilivyo, akisema hajawahi kula vitamu kama hivyo.